Kura ya Mama Keziah

Mwaka ule wa 1914 kijiji chetu cha Dorrance kilikosa usingizi kwa ajili ya bia. Watu wa Oregon walikuwa wanakwenda kuulizwa kwenye kura kama pombe ipigwe marufuku jimbo zima, na sisi tulikuwa wakulima wa hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu wake. Bwana Hobart Yancey, mwenye shamba kubwa kuliko wote, alizunguka nyumba kwa nyumba na gari lake la farasi akigawa ushauri wa bure. Karatasi ya kura ilikuwa na maswali karibu thelathini, ndefu kama shuka la kitanda cha mtoto, na yeye alikuwa na dawa moja ya yote.

"Andikeni Hapana kuanzia juu mpaka chini," aliwaambia watu. "Msisome, mtaumwa kichwa bure. Hapana, Hapana, Hapana, halafu rudini nyumbani mkale."

Katikati ya maswali hayo, limebanwa kati ya mambo ya kodi na mambo ya mishahara ya wabunge, palikuwa na swali moja fupi. Je, iandikwe katika katiba ya jimbo kwamba hakuna mtu atakayeuawa tena na serikali, hata awe amefanya kosa gani? Wengi hawakuliona kabisa. Orpha Gilstrap aliliona.

Orpha alikuwa mjane. Mumewe, Alvah Gilstrap, aliuawa shambani katika mavuno ya mwaka uliotangulia, na aliyemuua alikuwa mchumaji wa kuajiriwa, kijana wa miaka kumi na tisa aitwaye Emmet Sproul. Wachumaji hulipwa kwa sanduku. Siku hiyo Alvah alikuwa amelewa, akalikanyaga sanduku la Emmet kwa buti mpaka hopsi zikashuka nusu, kisha akamwambia halijajaa, arudi akachume tena. Maneno yakazidi. Emmet akang'oa mti wa kutambazia hopsi akampiga nao mara moja tu, na mara hiyo moja ilitosha.

Mahakama haikukawia. Jaji alipomaliza kusoma kwamba mshitakiwa atanyongwa kwa shingo mpaka afe, yule kijana alisimama pale, kofia mikononi, akajibu, "Asante, mheshimiwa." Hakuwa anamkejeli mtu. Ndivyo alivyolelewa, mkubwa akisema nawe unashukuru. Orpha alilisikia neno lile na halikumtoka tena. Alikuwa amemwosha Alvah kwa mikono yake mwenyewe, na mwili mmoja ulikuwa umemtosha.

Mama mkwe wake, Keziah Gilstrap, aliishi naye nyumba moja, na yeye hakutaka kusikia habari hizo. Alikuwa amemzaa Alvah peke yake, hana mwingine. Macho yake yalikuwa yamekufa zamani kwa mtoto wa jicho. Ofisa wa wilaya alipokuja kuwaambia kwamba kunyonga kutafanyika gereza la Salem kabla ya Krismasi, na kwamba nafasi mbili za mashahidi zimewekwa kwa familia, Keziah alijibu kabla Orpha hajafungua mdomo.

"Tutakuja. Mimi sioni, lakini masikio ninayo. Nitausikia ule mlango wa sakafuni ukifunguka chini ya miguu yake."

Akaitundika gauni yake nyeusi nyuma ya mlango, na kila Jumamosi aliipiga brashi kwa kupapasa.

Wanawake wa Oregon walikuwa wamepata haki ya kura miaka miwili tu nyuma, na uchaguzi huo Orpha aliteuliwa karani, mwanamke wa kwanza kukaa kwenye meza ile. Asubuhi ya kura mvua ya Novemba ilikuwa ikinyesha kama kawaida yake. Shule yetu ya chumba kimoja ilinuka makoti mabichi na moshi wa jiko. Kabla watu hawajaja, Orpha alipiga kura yake mwenyewe, na alipofika kwenye lile swali fupi alisimama na kalamu hewani.

Alikuwa amefundishwa utotoni kwamba katiba iliandikwa na wazee wenye ndevu kabla hajazaliwa, na ilikaa Salem, makao makuu ya jimbo, kwenye jengo lenye kuba. Leo ilikuwa imeletwa hapa, kwenye dawati lililochorwa visu na wanafunzi, na ilikuwa inamngoja yeye, mwanamke wa kuchemsha viazi na kufua soksi, aseme. Akaweka alama ya X penye Ndiyo, kisha akabaki akiitazama, hasadiki kwamba kitu kidogo namna ile kinaweza kufika mpaka kwenye kamba.

Keziah alikuja mchana, ameshikwa mkono na jirani, fimbo yake ikigonga sakafu. Sheria ilisema asiyeona husaidiwa na watumishi wawili wa kura, mmoja wa kila chama, nao hula yamini kwamba hawatamwambia mtu yeyote walichokisikia. Kwa chama cha Democrat alisimama Lemuel Prouty, fundi wa matandiko ya farasi, mtu wa mizaha asiyechoka. Upande wa Republican walijitolea wanaume wawili. Keziah akawakatalia kwa kichwa.

"Huyo mke wa mwanangu yupo?"

"Nipo, Mama."

"Basi wewe ndiye utakayeshika kalamu. Hawa wengine nawajua tangu wakiwa na kamasi."

Wakaingia watatu nyuma ya pazia la turubai, wamebanana. Orpha na Lemuel wakaapa. Lemuel akawa anasoma, Keziah anajibu, Orpha anaandika. Walipofika kwenye pombe, bibi hakusita hata kidogo.

"Marufuku. Weka Ndiyo."

Lemuel alikohoa. "Mama Keziah, na hopsi zetu je? Tutakula nini?"

"Viazi. Alvah alikuwa amelewa siku ile. Unadhani mimi sijui? Soma, Lemuel, nimesimama kwa miguu, si kwa magurudumu."

Lemuel akaendelea, akalifikia swali fupi. Akalisoma polepole, kisha akarudia. Mvua ilikuwa ikipiga mabati.

"Lipo wapi?" Keziah aliuliza. "Nipe mahali pake."

Lemuel akakichukua kidole cha shahada cha bibi akakiweka juu ya karatasi. "Hapa juu ni Ndiyo, kunyonga kukome. Hapa chini ni Hapana, kubaki kama kulivyo."

"Chini," alisema Keziah. "Anyongwe."

Orpha aliishika kalamu lakini mkono haukwenda. Lemuel alimtazama yeye, akamtazama bibi kipofu, kisha akavua miwani akaanza kuipangusa kwa ncha ya shati, taratibu kabisa.

"Miwani yangu leo imeingia ukungu, Bi Orpha," alisema kwa sauti ya chini. "Sioni hata pua yangu mwenyewe. Ukimaliza niambie."

Orpha alimwelewa. Ilikuwa ni kuisogeza kalamu juu kwa upana wa kidole, basi, na shingo ya Emmet Sproul ingekuwa na kura mbili badala ya kura moja iliyofutwa na nyingine. Nani angejua? Huyu hana macho na yule amevua miwani. Na lilikuwa jambo jema, aliliamini kwa roho yake yote.

Lakini bibi alikuwa amesimama kando yake, bega kwa bega, anapumua kwa shida baada ya kutembea kwenye matope, na kura ile ilikuwa yake. Alikuwa ameingoja maisha yake yote mpaka macho yakafa. Orpha aliona waziwazi kwamba kama angeiiba pale, basi neno alilotaka liandikwe kwenye katiba lingekuwa limeandikwa na mwizi, na hata Emmet akipona, angepona kwa wizi. Akapiga moyo konde. Akaiweka X penye Hapana, akaikandamiza kwa nguvu kwa sababu alijua akilegeza tu mkono utamponyoka. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"Tayari," alisema.

Lemuel alivaa miwani yake, akaitazama karatasi, akamtazama Orpha kama mtu asiyemfahamu.

"Niipate hiyo karatasi," alisema Keziah. Akaishika, akapitisha dole gumba juu yake mara moja, mara ya pili. "Haya. Tuendelee, maana miguu inaniuma."

Kuhesabu kuliingia mpaka siku ya pili, kwa sababu ya urefu wa ile karatasi. Mmoja aliita, mmoja alichora vijiti, na kila vijiti vinne vikikatwa na cha tano, anayechora alisema kwa sauti ili asikosee. Orpha aliketi akisikia majibu ya majirani zake yakipita, Hapana, Hapana, Ndiyo, Hapana, na hakuna aliyejua ni ya nani. Dorrance ililikataa lile swali fupi, tena kwa kura nyingi. Alirudi nyumbani akiamini kila kitu kimekwisha.

Kumbe jimbo ni kubwa kuliko Dorrance. Simu ilikuwa moja tu, dukani, na kila jioni mwenye duka alikuwa anatupasha habari. Leo Ndiyo imetangulia, kesho Hapana, kesho kutwa imerudi Ndiyo. Wilaya za mbali zilileta kura zao kwa farasi kupitia theluji. Watu ambao hawakulijali lile swali hata chembe walianza kusimama dukani midomo wazi. Habari ya pombe ilikuwa imekwisha kujulikana, imepigwa marufuku, na Bwana Yancey alikuwa anatembea kama mtu aliyefiwa, lakini hata yeye alikuja kusikiliza.

Mwishowe hesabu ikafungwa. Katika jimbo zima, kutoka baharini mpaka jangwani, kati ya watu laki mbili waliojibu swali lile, Ndiyo ilizidi kwa kura zisizofika mia mbili.

Dukani mzee mmoja alivua kofia, nasi hatukujua anaivulia nini. Orpha alihesabu kichwani: ni watu wa kanisa letu siku ya Pasaka, wale walioketi na wale wanaosimama nyuma. Kanisa moja la watu lilikuwa limeitoa kamba mikononi mwa serikali, na yeye alikuwa mmojawapo, na mkono wake huohuo ulikuwa umeandika kinyume. Alitoka nje akasimama mvuani bila mwavuli. Baada ya siku chache hukumu ya Emmet Sproul ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha.

Nyumbani Keziah aliambiwa, akaitikia "Nimesikia." Wiki nzima alikula chakula alichowekewa na kurudisha sahani bila neno. Gauni nyeusi iliendelea kutundikwa nyuma ya mlango.

Jumapili, ibada ilipokwisha, watu walikusanyika kwenye kibaraza cha kanisa wakingoja mvua ipungue. Bwana Yancey alikuwa na donge lake rohoni na alitaka pa kulitema.

"Kura mia na kitu, jamani!" alisema kwa sauti ya watu wote. "Jimbo zima! Sasa mimi najiuliza, ni vibanda vingapi vya kura vilikuwa na mtu mwenye huruma zake ameshika kalamu ya kipofu? Kila mtu hapa anajua Mama Keziah alitaka nini. Na kila mtu anajua Bi Orpha alitaka nini. Tuambiwe basi, bibi aliandikiwa nini?"

Uso wa Orpha uliwaka moto. Jibu alikuwa nalo, fupi kabisa, lakini alikuwa amekula yamini. Akafunga mdomo. Wanawake aliowapikia mikate walianza kutazama viatu vyao, na Lemuel Prouty, mtu wa maneno yote, alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Ananyamaza," alisema Yancey. "Mnaona?"

Fimbo ikagonga mbao za kibaraza.

"Hobart," alisema Keziah, "unaniuliza mimi, au unanisema kama maiti niliyelazwa hapo mezani?"

"Nakuuliza wewe, Mama. Kwa heshima zote."

"Heshima utaiacha nyumbani kwako, huku hujaja nayo. Mimi sikula yamini yoyote, kwa hiyo nitasema. Nilisema Hapana. Nilisema anyongwe. Na huyu aliandika Hapana." Akainua dole gumba lake, limekunjamana, juu mbele ya watu. "Niliipapasa. Nimekuwa nikipapasa kila kitu miaka kumi sasa, shimo la sindano nalijua. Alama ilikuwa chini, na ilikandamizwa mpaka karatasi ikataka kutoboka. Na alikuwa analia. Matone mawili yaliniangukia mkononi. Alidhani nitafikiri ni mvua."

Akaigeuza fimbo yake pembeni.

"Na wewe, Lemuel! Najua uko hapo, unanuka ngozi. Miwani yako ikiingia ukungu tena, niletee niipanguse kwa fimbo hii."

Mtu mmoja akacheka, kisha wote wakacheka, hata Lemuel mwenyewe, kicheko cha watu waliokuwa wamebanwa pumzi. Bwana Yancey alivaa kofia yake akaingia mvuani. Orpha peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika nguzo ya kibaraza.

Njiani, garini, farasi alikwenda mwendo wake mpaka wakalipita shamba la hopsi, lenye miti mitupu ya majira ya baridi.

"Kwa nini hukuniibia?" Keziah aliuliza.

"Ilikuwa yako, Mama."

"Mtu amekufungulia mlango, mwingine kipofu. Na roho ya yule kijana iko mezani." Alitikisa kichwa. "Wiki nzima nimekaa nalitafuna jambo hili. Mimi ningekuibia, Orpha. Kama ni mimi niliyeshika kalamu yako, haki ya Mungu ningekuibia, na usiku ningelala fofofo. Nimekula sahani moja na wewe miaka hii yote, kumbe sijui ni mtu gani aliyekaa mbele yangu."

Orpha aliona haya, kama mtu aliyeonwa akisali.

"Nipeleke Salem," alisema Keziah. "Siku ileile waliyotuwekea."

"Mama, hakuna tena kitu siku hiyo. Kimefutwa."

"Najua kimefutwa, mimi ni kipofu, si kiziwi. Nipeleke."

Basi ilipofika siku ile walipanda garimoshi, Keziah amevaa gauni yake nyeusi iliyopigwa brashi kila Jumamosi. Gerezani waliwekwa kwenye chumba chenye meza na benchi. Mkuu wa gereza alikuwa ameruhusu, lakini alimweka askari mlangoni, na askari huyo hakuwapenda wageni wa namna hii.

Emmet Sproul aliletwa na pingu mikononi. Alikuwa amekonda, masikio yamemtokeza. Alipomwona aliyekuja alisimama palepale, rangi ikamwishia usoni.

"Yuko wapi?" aliuliza Keziah.

"Yuko mbele yako, Mama," alisema Orpha.

"Sogea, kijana. Sogea tena. Inama, mimi ni mfupi."

Emmet alimtazama Orpha kama anayeomba ruhusa, kisha akainama. Mkono wa bibi uliondoka kwenye fimbo, ukaenda hewani ukitafuta, ukalipata sikio, ukashuka taya, ukafika shingoni. Pale ukashika. Vidole vilikuwa vya mwanamke aliyefunga hopsi kwenye miti maisha yake yote, na viliizunguka ile shingo nyembamba karibu nusu. Askari akapiga hatua. Kijana hakujitoa. Alifumba macho akabaki ameinama hivyohivyo.

Mkono haukukaza wala haukulegea. Ulikaa. Uso wa Keziah, ambao Orpha aliujua kwa ukali wake, ulianza kubadilika kidogokidogo, ukawa uso wa mtu anayesikiliza kitu kinachotoka mbali.

"Inapiga," alisema.

"Ndiyo, Mama," alinong'ona Emmet.

"Inapiga kwa nguvu. Saa hizi ingekuwa imeshanyamaza." Alimeza mate. "Ya Alvah niliishika pia. Ilikuwa baridi kama bomba la maji. Nikasema nitaisikia na hii ikipoa, ndipo nitalala."

"Nisamehe, Mama. Nisamehe."

"Huko sijafika. Usinisukume." Lakini mkono haukuondoka, na machozi yalikuwa yameanza kutoka kwenye yale macho yaliyokufa, ambayo Orpha alidhani hayana tena kitu ndani yake. "Niliandikisha hii inyamazishwe, unajua? Mimi mwenyewe. Sikukosea, nililitaka. Watu nisiowajua wakanikatalia. Wasionijua mimi, wasiokujua wewe." Sauti ilimkatika. "Walijuaje kwamba ina joto hivi?"

Askari alikuwa amerudi mlangoni na kutazama ukutani.

"Orpha," aliita bibi, "uko wapi? Njoo uishike. Njoo uisikie na wewe."

Orpha alivua glovu yake. Akaweka vidole vyake kando ya vidole vya mama mkwe wake, kwenye shingo ya mtu aliyemuua mumewe, na akaisikia.